Pipa la Kulishia Kulungu: Faida na Hatari Zake

Katika mashamba ya Texas, nchini Marekani, si ajabu kuona pipa limesimama juu ya miguu ya chuma katikati ya vichaka, wala hapana mtu karibu. Ndani yake mna mahindi, nalo limewekwa ili kuwavuta kulungu wa huko, wale wenye mkia mweupe, ambao madume yao huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine.

Pipa hilo halina mashine wala betri. Juu lina kifuniko cha kuzuia mvua; chini lina matundu yanayofunguka kwenye kihori kidogo. Mahindi hushuka kwa uzito wake yenyewe mpaka kihori kijae, kisha husimama. Kulungu akila, mengine hushuka kujaza mahali palipopungua. Afugaye kuku atafahamu upesi, kwa kuwa debe la kulishia kuku hufanya kazi vivyo hivyo. Mwenye shamba hulijaza mara moja, kisha huenda zake kwa siku nyingi. Wengine hutia chakula cha vidonge chenye protini wakati pembe zinapokua na majike wanyonyeshapo. Hulizungushia pia ua mfupi, ambao kulungu huuruka lakini nguruwe mwitu hawawezi kuupita.

Hata hivyo, yafaa kufahamu ya kwamba pipa hilo lina hatari tatu.

Ya kwanza ni unyevu. Mahindi yakilowa huvimba, huziba matundu na kuota kuvu. Kuvu nyingine hutoa aflatoksini, sumu ile ile iliyowaua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 kwa kula mahindi yaliyoharibika. Basi mahindi mabovu yasitupwe kwa wanyama kwa kudhani hayawadhuru.

Ya pili ni tumbo. Kulungu hucheua kama ng'ombe, na wakati wa baridi tumbo lake limezoea vijiti na machipukizi. Akijaza tumbo mahindi kwa ghafula, huingia asidi nyingi, naye aweza kufa hali ameshiba.

Ya tatu ndiyo kubwa. Wanyama ambao wangetawanyika porini hukusanyika na kutia midomo katika kihori kimoja, na mate ya mgonjwa hubaki humo. Huko Michigan, mwaka 1994, kulungu aliyeuawa na mwindaji alionekana kuwa na kifua kikuu cha ng'ombe; mwaka 1998 ugonjwa huo ukaonekana katika ng'ombe wa kufugwa. Hasara ikawafikia hata wafugaji ambao hawakuwa na haja ya kulungu. Tena uko ugonjwa wa kudhoofika, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Hauna dawa, na kinachouleta hukaa udongoni miaka mingi. Kwa sababu hizo, mwaka 2019 serikali ya Michigan ilikataza kulisha na kutegea kulungu kwa chakula katika rasi yake ya kusini, isipokuwa kwa ruhusa chache.

Kwa hiyo mwenye shamba wa huko yampasa kuuliza kwanza sheria ya jimbo lake. Akiruhusiwa, atie nafaka kavu, aanze kwa kiasi kidogo, asafishe kihori mara kwa mara, na aliondoe pipa mara asikiapo habari ya ugonjwa. Pipa humpunguzia safari, lakini halimwondolei wajibu wa kwenda kutazama.