Longonot: Tuambieni hali ya njia, msituuzie picha tu

Kila Januari stori ni ile ile. Watu wameamka na maazimio ya mwaka mpya, na bango linazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp: Longonot Jumamosi, usafiri na ada ya kuingia ndani, wanaoanza karibu. Picha ni ya dada ameketi ukingoni mwa kreta akicheka. Vumbi huwezi kuliona. Makorongo pia.

Hebu tupige hesabu. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3 na kitu. Kuzunguka kreta yote ni kilomita 7.2. Halafu kuna kushuka, ambako waandaaji wengi hukusahau kwenye bango. Jumla ni zaidi ya kilomita 13, na sehemu ya juu kabisa, Kilele Ngamia, iko mita 2,776 kutoka usawa wa bahari. Mimi chuo niliachia katikati, lakini hii haihitaji digrii. Hiyo ni kazi ya siku, hasa kwa mtu ambaye zoezi lake la mwisho lilikuwa kukimbilia matatu.

Na umbali hata si shida kubwa. Shida ni ardhi. Longonot ni volkano, kwa hivyo unachokanyaga ni jivu la kale na vijiwe vyepesi. Wakati wa kiangazi, buti mia zikipita hapo asubuhi moja, ngozi ya juu ya udongo inavunjika na kuwa unga. Mtu wa mbele akiinua mguu, wewe wa nyuma unakula vumbi. Chini ya huo unga kuna sehemu ngumu, na ukitua hapo ukishuka na raba zilizoisha meno, unateleza kana kwamba mtu amemwaga mtama. Kupanda kunachosha tu. Kushuka ndiko kunavunja vifundo vya miguu. Na ukiumia upande wa pili wa kreta, hakuna gari wala nduthi itakayokufikia. Utabebwa na watu, kwenye njia ile ile iliyokuangusha.

Halafu mvua ndefu inakuja Machi. Maji hutafuta mahali palipochimbika, na palipochimbika ni njia yetu. Yanabeba ule unga wote na kuacha mfereji, sehemu nyingine unafika kiunoni. Msimu unaofuata watu wanaukwepa mfereji, wanapitia kando, wanakanyaga nyasi na leleshwa ambazo mizizi yake ndiyo ilikuwa inashikilia mlima. Kando napo panakuwa mfereji. Ukiona njia tatu zikienda sambamba pale juu, usidhani ni barabara ya kisasa. Ni kidonda kinapanuka.

Kwa hivyo waandaaji, tuongee kama marafiki. Biashara yenu ni poa, na wengi wetu tusingeujua mlima wowote bila nyinyi. Lakini kumwambia mtu "ni rahisi" kwa sababu unataka basi lijae, hapo hapana. Mwambie juu hakuna maji, abebe lita tatu kutoka nyumbani. Mwambie kuna mahali ukingo ni mwembamba na upande mmoja ni shimo la kreta, si pa kurudi kinyumenyume na simu mkononi. Mwambie pia kwamba akifika ukingoni na magoti yanatetemeka anaweza kugeuka, na hakuna atakayemcheka.

Kwa upande wa KWS, ombi langu la kwanza ni dogo: ubao langoni wenye hali ya leo. Si ramani peke yake. Kuandikwe wapi pamebomoka na wapi nyati wameonekana. Askari wa doria wanaijua hiyo njia kuliko sisi. Waliyoyaona jana yatufikie kabla hatujaanza kupanda, na yawekwe pia mtandaoni, maana tunalipa kwa simu tayari.

La pili ni gumu kidogo. Kule Kilimanjaro, njia ya Mweka hutumika kwa kushuka pekee, wapandaji na washukaji wasibanane. Kwenye ukingo wa Longonot tungeweza kuanza na sheria nyepesi: wikendi, wote wazunguke upande mmoja. Ukikutana na kundi la watu arobaini pale pembamba, mmoja wenu lazima atoke nje ya njia, na nje ya njia ni ama majani ama shimo. Najua wapo watakaolalamika eti mlimani kila mtu yuko huru. Sawa, lakini watu wawili hawatoshi kwenye upana wa mita moja, uhuru au la.

Na ada zetu? Ningependa kuona sehemu yake ikirudi kwenye udongo tunaoubomoa: mawe na magogo yalazwe kukatisha maji kabla hayajashika kasi, mifereji iliyoshindikana ifungwe majani yaote tena. Vijana wa kufanya hiyo kazi wapo, kutoka Mai Mahiu hadi Naivasha, na wengi hawana kibarua. Ila ni kazi ya wakati huu udongo ukiwa mkavu. Ikifika Machi, maji yatakuwa yameshachagua njia yake.