Ukifika Japani, usiishie Tokyo

Hebu nikuulize: ukipata ile skolashipu ya Japani, wikendi utaenda wapi? Najua, Tokyo, upige picha za mataa. Mimi nakwambia panda treni uelekee Bahari ya Seto.

Anzia mji wa Kurashiki, kwenye makavazi ya Ohara. Yalifunguliwa 1930, ya kwanza Japani kwa sanaa ya Magharibi. Kisha vuka kwa feri hadi kisiwa cha Naoshima. Huko Tadao Ando aliyazika makavazi ya Chichu ardhini, 2004, ili kilima kisiharibiwe sura. Michoro ya Monet unaitazama kwa mwanga wa jua tu.

Lakini kura yangu naipa Teshima. Kisiwa hiki kilijulikana kwa taka za viwandani zilizomwagwa kinyume cha sheria. Wakazi walipigana miaka mingi hadi 2000 mkoa ukakubali kuziondoa. Leo kuna makavazi yaliyofunguliwa 2010: hakuna nguzo, hakuna picha hata moja ukutani. Ni matone ya maji tu yanayochomoza sakafuni na kuteleza.

Niliacha chuo, na kwa muda mrefu niliamini makavazi ni ya wenye digrii. Ati utasema nini mbele ya mchoro? Sasa, tone la maji linataka digrii gani?

Sijafika bado, nauli si mchezo. Wewe ukitangulia, vua viatu mlangoni, keti, tulia. Ndani picha haziruhusiwi, kwa hivyo itabidi urudi unisimulie kwa mdomo.