Lisemwalo Lipo? Muulizeni Othello

Yako mazoea katika kambi zetu ya kumcheka askari anayeonekana jioni ameinamia kitabu cha hadithi. Huambiwa kwamba tamthilia na riwaya ni mambo ya raia wenye nafasi, na kwamba mtu wa bunduki yamtosha kanuni na ramani. Sisi twasema bila kusita kwamba mazoea hayo ni kosa. Askari na polisi ndio hasa wapaswao kusoma fasihi ya ulimwengu na kutazama filamu zake kwa makini, maana kazi yao ya kila siku ni kupima maneno ya watu, na neno lisilopimwa vyema huweza kumfunga mtu, au kumwua.

Hata hivyo, kusoma kwenyewe kuna namna mbili. Namna ya kwanza ndiyo waliyoizoea wanafunzi wengi: kukariri dhamira za kitabu na sifa za wahusika, kuziandika katika mtihani, kisha kuzisahau. Dhamira ya Othello ni wivu. Othello ni shujaa. Iago ni mwovu. Majibu hayo ni sahihi na hupata alama, lakini hayambadilishi aliyeyaandika. Namna ya pili ni kumchukua mhusika kama mpelelezi achukuavyo jalada la kesi, na kuuliza: nani alisema, nani alishuhudia, nani alifaidika, na ni swali gani ambalo halikuulizwa?

Na tuifungue tamthilia hiyo ya Shakespeare, iliyochezwa London mwaka 1604. Othello ni jenerali mweusi katika utumishi wa dola ya Venice, aliyepelekwa kukilinda kisiwa cha Cyprus dhidi ya Waturuki. Amemteua Cassio kuwa luteni wake. Iago, mshika bendera, aliyekitamani cheo hicho, amebaki na kinyongo. Vinyongo vya vyeo twavijua sote. Iago anamletea mkuu wake taarifa kwamba Desdemona, mke wa jenerali, ana mapenzi na Cassio. Kielelezo chake ni leso ndogo ya mkononi. Desdemona aliiangusha, Emilia, mkewe Iago, akaiokota na kumpa mumewe, naye Iago akaiacha chumbani mwa Cassio.

Sasa msomaji na alitazame jalada. Kielelezo kimepita katika mikono mingapi? Mtoa taarifa ana ugomvi gani na mshtakiwa? Othello alimhoji Emilia, naye akatetea kwa nguvu kwamba bibi yake hana hatia. Ushahidi huo ukatupwa. Cassio hakuulizwa neno mpaka Desdemona alipokwisha kufa. Jenerali aliyezoea vita tangu utotoni alishindwa na kazi aifanyayo koplo wa polisi kila siku, yaani kumhoji mtuhumiwa. Tumezoea kusema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Othello naye aliliamini lisemwalo, akamwua mkewe kwa mikono yake, kisha akajiua.

Hapa hatuna budi kukiri jambo lisilotupa sifa. Katika chuo cha makadeti tuliisoma tamthilia hiyo na tukafaulu mtihani wake vizuri. Haukupita mwaka tangu tuvae nyota ya kwanza, tukaletewa taarifa kwamba koplo mmoja anauza mablanketi ya ghala. Blanketi moja lilikutwa chini ya kitanda chake. Mtoa taarifa alikuwa sajini hodari, mwenye maneno ya kuaminika. Tukatia sahihi, na koplo akalala mahabusu siku 12. Ghala lilipohesabiwa, halikupungua hata blanketi moja. Lile la chini ya kitanda alilinunua sokoni kwa fedha zake, na risiti alikuwa nayo; ila hapana aliyemwuliza. Wakati huo orodha ya kupandishwa vyeo ilikuwa imekwisha kwenda makao makuu bila jina lake. Tulimwomba radhi. Alipiga saluti, akasema, "Asante, afande," wala hakututazama usoni.

Filamu nazo zina somo hilo hilo. Ipo moja iitwayo Paths of Glory, iliyotolewa na Stanley Kubrick mwaka 1957 kutokana na riwaya ya Humphrey Cobb ya mwaka 1935. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Mireau wa jeshi la Ufaransa, aliyeonyeshwa tamaa ya cheo, anaamuru shambulio lisilowezekana. Linaposhindwa, askari watatu wanachaguliwa wapigwe risasi kwa woga. Kanali Dax, aliyekuwa wakili kabla ya vita, anawatetea mbele ya mahakama isiyo na hati ya mashtaka wala kumbukumbu za maandishi. Wanauawa. Kisa hiki hakikubuniwa pasipo msingi: mwezi Machi 1915, karibu na Souain, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi makoplo wanne, na majina yao yakasafishwa mwaka 1934 tu, baada ya mjane wa mmoja wao, mwalimu Blanche Maupas, kupigania haki kwa miaka mingi.

Huenda wakuu wengine wakahofu kwamba hadithi za namna hii hufundisha uasi. Sivyo. Jeshi bila utii ni genge. Lakini mtazameni Dax: alimweleza mkuu wake waziwazi kwamba shambulio halifai, kisha akaliongoza mwenyewe, filimbi mdomoni. Na yule kapteni wa mizinga, alipoamriwa kuwapiga askari wa upande wake, alitaka amri iandikwe na kutiwa sahihi. Haikuandikwa, na mizinga ikanyamaza. Huo ni utii wenye macho.

Kwa hiyo twashauri kila kikosi na kila kituo kitenge jioni moja kwa wiki kwa kazi hii. Mmoja amshtaki Iago, mwingine amtetee Othello, wa tatu asimame kama Emilia. Asiyejua Kiingereza asijitenge, kwani Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katika Juliasi Kaizari umo umati unaomwua mshairi Cinna kwa kosa la kuitwa jina moja na mmoja wa wauaji wa Kaizari. Polisi aliyewahi kufika sokoni baada ya kelele za mwizi ataielewa habari hiyo kuliko profesa.

Kesho au keshokutwa, ndugu askari, utaletewa taarifa pamoja na leso au blanketi. Mwite anayetuhumiwa, umwulize, umsikilize mpaka mwisho. Kalamu ya kutia sahihi haitakimbia.