Acheni kumsubiri mfadhili, ushuru tunao

Hivi karibuni nilihudhuria mahafali ya kidato cha nne hapa Tukuyu. Maabara ya shule ile haina vifaa, na mwalimu wa kemia anafundisha majaribio kwa kuyachora ubaoni. Mgeni rasmi alipoelezwa hayo, alisimama mbele ya wahitimu na wazazi wao akasema mambo ya sayansi ni ghali, tumwombe Mungu atuletee mfadhili. Ukumbi mzima ukaitikia "ndaga fijo", yaani asante sana, na kupiga makofi. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Imani hii ya kumsubiri mfadhili imetukaa kooni. Darasa likibomoka, mfadhili. Choo cha shule kikijaa, mfadhili. Migomba ikinyauka, mfadhili. Tumewafundisha hata watoto kwamba elimu na utafiti ni vitu vinavyoshuka kutoka Ulaya na Marekani.

Anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima anayeitwa kipunji. Mwaka 2005 kipunji akatangazwa duniani kuwa spishi mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Fedha zilitoka kwa watu wa nje wanaopenda wanyamapori. Walikuwa na swali lao, wakalilipia, wakapata jibu. Sina ugomvi nao, na kipunji ni fahari yetu. Lakini mkulima wa Kyimo anayetaka kujua kwa nini parachichi zake zinaoza kabla hazijafika sokoni, nani amlipie swali lake? Hakuna mtu New York anayekosa usingizi kwa ajili ya migomba ya Kiwira, na hatatokea. Anayelipa ndiye anayechagua swali, na sisi hatulipi.

Tena huyo anayelipa huondoka siku anayotaka. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai Mosi shirika la misaada la Marekani, USAID, likawa limefungwa. Huku Nyanda za Juu Kusini huduma za Ukimwi zilikuwa zimeegemea fedha za Marekani kwa miaka mingi. Saini moja ikatiwa Washington, na watumishi wa miradi nchini wakaambiwa wasimamishe kazi. Tungekuwa na akili, siku ile tungeitisha mkutano wa kujitegemea. Badala yake watu walianza kuulizana ni nchi gani nyingine inaweza kuja.

Na zile warsha za wafadhili! Miaka nenda rudi tumekaa hotelini, tumepewa fulana, tumesaini posho, tumekwenda nyumbani. Ukishuka barabara ya Kyela utayaona mabango ya miradi yaliyopauka rangi. Mradi umekufa, bango limebaki.

Nikisema tujilipie wenyewe, wanaobisha wananiambia mkulima wa Rungwe ni maskini, hana cha kutoa. Upuuzi mtupu! Mkulima huyohuyo anapelekewa kadi tatu za harusi kwa mwezi na anazichangia zote. Huyohuyo anajenga kanisa kwa matofali na bati mpaka linaisha. Huyo maskini asiye na kitu mnamtoa wapi?

Wengine wanasema hatuna wataalamu. Wanayasema hayo huku wakila maharage ya Njano Uyole, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole, kilicho kwenye barabara yetu hii ya Mbeya.

Tazameni kahawa. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ilianza kazi mwaka 2001 baada ya wadau wa zao hilo kukubali kukatwa sehemu ndogo ya mauzo. Leo mkulima anapata miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na jirani zetu wa Mbozi wana kituo cha taasisi hiyo Mbimba. Swali lilikuwa la wakulima kwa sababu makato yalikuwa ya wakulima. Hata hapa kwetu, wakulima wadogo wa chai walipouza kupitia mfumo wa biashara ya haki wa Fairtrade, ile ziada ya bei iliingia kwenye maendeleo ya vijiji vyao. Sitaki mtu aniambie hiyo ilikuwa sadaka. Yalikuwa majani yao.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kama hilo liliwezekana, kutenga asilimia 1 kwa utafiti na maabara kunashindikana vipi? Ushuru wa mazao unakusanywa kila siku kwenye chai, parachichi na ndizi. Ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka haiwezi kununua darubini, kila mkuu wa shule anajua. Na ile ahadi ya wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Addis Ababa Januari 2007, kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, hatujaifikia mpaka leo.

Madiwani wa Rungwe na Busokelo watakapokaa kwenye bajeti ijayo, waweke fungu la utafiti lenye tarakimu ya kweli. Nusu inunue vifaa vya maabara za shule. Nusu ipelekwe Uyole pamoja na maswali yaliyoandikwa na wakulima wenyewe, kata kwa kata, na majibu yasomwe kwenye mikutano ya vijiji kabla ya msimu wa kupanda.