Paka Alaye Sana Akakonda

Katika nyumba nyingi za mjini paka ni mfanyakazi asiye na mshahara. Usiku hulinda unga na mchele usiliwe na panya, na ujira wake ni vichwa vya samaki na pembe yenye joto ya kulalia. Akipita miaka 10 twasema amezeeka, na lolote limpatalo baada ya hapo twalipa jina la uzee. Ndipo yanapojificha maradhi ninayotaka kuyaeleza leo.

Paka anakula kuliko zamani, tena anadai chakula kwa kelele, lakini anakonda. Maji anayanywa mengi, hatulii, pengine hutapika, manyoya yamefifia, na ukiweka kiganja kifuani pake wasikia moyo ukienda mbio. Mara nyingi chanzo ni tezi iliyo shingoni, mbele ya koo, ambayo wataalamu huiita thairoidi. Homoni ya tezi hiyo huuamuru mwili utumie chakula kwa kasi gani. Uvimbe ukiota humo, nao kwa kawaida si wa saratani, homoni hutoka kupita kiasi na mwili ukaanza kujila wenyewe. Maradhi haya yalielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa mifugo wa New York mwaka 1979.

Wapo waulizao kama yanatibika kwa njia za asili, bila vidonge wala kisu. Swali ni la haki, maana dawa ni ghali. Lakini hapa ujuzi wetu wenyewe waweza kutuponza. Sisi tunaijua tezi ya shingo kwa sababu ya rovu, lililowasumbua sana wakazi wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na tumefundishwa kwamba kinga yake ni chumvi yenye madini joto. Basi mtu mwenye huruma, akisikia paka ana ugonjwa wa tezi, humtilia mwani uliosagwa katika chakula. Kumbe mambo ni kinyume. Rovu lile huletwa na upungufu wa madini joto. Tezi ya paka huyu inafanya kazi kupita kiasi, na madini joto ndiyo malighafi yake. Hiyo ni kuongeza kuni chini ya chungu kinachofurika.

Njia ya chakula iliyothibitika ni ile ya kuipunguzia tezi malighafi. Tangu mwaka 2011 kumekuwako chakula maalumu cha paka chenye madini joto yasiyofika theluthi moja ya miligramu katika kila kilo. Baada ya wiki kadhaa homoni hushuka. Uvimbe hauponi, na chakula kikiachwa ugonjwa hurudi. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu: paka asile kitu kingine chochote, hata dagaa wachache. Sasa nani atamzuia paka wa Kariakoo asimle panya? Kwa paka afungiwaye ndani njia hii yafaa. Kwa wengi wa paka wetu ni ndoto. Wala usiiige kwa kumlisha nyama tupu, kwa maana nyama peke yake haina kalisi ya kutosha na mifupa yake itadhoofika.

Ama mitishamba, hakuna hata mmoja uliothibitishwa kumponya paka maradhi haya. Kitunguu saumu, ambacho wengi hukikimbilia, huharibu damu yake. Na parasetamoli, hata kidonge kimoja, yaweza kumwua.

Tiba zenyewe ni vidonge vya kila siku vya methimazoli au kabimazoli, upasuaji, au sindano ya madini joto yenye mionzi, ambayo huponya paka wapatao 95 katika kila 100 lakini huhitaji hospitali maalumu. Vidonge hivyo hutumiwa na binadamu pia. Usikadirie dozi nyumbani.

Kazi iliyo mikononi mwako ni mizani. Kila mwezi mtie paka kikapuni, umpime dukani, kisha utoe uzito wa kikapu. Paka wa kilo 4 aliyepungua nusu kilo ni sawa na mtu wa kilo 64 aliyepungua kilo 8. Jirani zake wasingenyamaza. Akiwa kijana, shuku minyoo kwanza. Akiwa mzee, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu, kwani kisukari nacho huleta dalili kama hizi. Figo zake zipimwe pia, kabla ya dawa na baada ya kuanza dawa, maana mbio za damu huweza kuficha ubovu wa figo, nao ukajitokeza tezi inapotulizwa. Na ukimwona anahema kinywa wazi, au miguu ya nyuma imelegea ghafla, usingoje hata kesho.