Shoga yangu, usifunike ua kwa kioo



Leo nitasema, na atakayenuna anune. Hii tabia ya kufunika ua wa nyumba za Mji Mkongwe kwa vioo na alumini tuiache.

Juzi shoga yangu alinialika nikaone chumba chake kipya cha vioo. Kwenye picha kinapendeza, sikatai. Lakini saa nane mchana tulikaa na feni mbili, na bado buibui liliniganda mgongoni. Bibi yake, aliyekuwa akisuka ukili hapo uani kila siku, amehamishia mkeka wake ukumbini.

Vyumba hivi ni vya nchi za baridi. Waingereza walivijenga ili kulinasa jua na kulea mimea isiyostahimili baridi yao. Sisi jua tulinase la nini? Wazee wetu walifanya kinyume: kuta nene za mawe na chokaa, dari za boriti, na katikati ua ulio wazi juu ili joto lipande litoke. Ukiufunika, umeiziba nyumba pua.

Na kuta je? Jiwe la matumbawe hunywa maji, na chokaa huyaacha yatoke. Fundi wa vioo anakuja na saruji ya kushikizia fremu. Saruji inafungia unyevu ndani, plasta inabanduka, ncha za boriti zinaoza. Beit al-Ajaib ilivyoporomoka Disemba 2020 sote tuliona. Nyumba kongwe si ya kuchezewa.

Halafu stira. Usiku ukiwasha taa nyuma ya kioo, wewe humuoni aliye nje, yeye anakuona. Madirisha yetu ya mbao yalitupa kuona bila kuonekana, na upepo juu yake.

Mtaniambia, "Basi tusipambe nyumba?" Tupambe! Acha juu wazi, weka kipaa cha mbao upande mmoja kwa ajili ya mvua, panga vyungu vya mrihani na asumini, piga plasta ya chokaa. Na kabla fundi hajagusa ukuta, kaombe kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000.

Nyumba ya urithi ni amana, dada zangu. Waliotuachia hawakutuachia tuimalize sisi.

Shoga yangu, najua utasoma. Mrudishie bibi ua wake.