Seva ikabidhiwe pamoja na orodha yake
Na Masunga Limbu

Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, mafaili ya karatasi yamekuwa yakihamia kwenye kompyuta, na hilo ni jambo jema. Kinachonikera ni namna seva zinavyokabidhiwa. Fundi anaiwasha, anaonyesha mfumo unafunguka, hati inasainiwa, anaondoka. Hakuna anayeuliza ni huduma gani nyingine zinajiwasha zenyewe humo ndani.

Nazo si chache. Utakuta huduma ya kuchapisha kwenye seva isiyo na printa, Bluetooth isiyotumiwa na mtu, na itifaki ya zamani ya kushirikiana mafaili. Kila inayosikiliza mtandao ni mlango. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipitia toleo la kwanza la itifaki hiyo kwenye Windows, kikakwamisha hospitali za Uingereza, ilhali marekebisho yalikuwa yametolewa tangu Machi. Julai 2021 Microsoft ililazimika kutoa marekebisho ya dharura ya huduma ya kuchapisha, na wataalamu wakashauri izimwe kwenye seva zisizochapisha.

Kuzima nako kuna utaratibu. Kwenye Linux, amri ya systemctl stop huisimamisha huduma kwa muda tu. Umeme ukikatika ukarudi, nayo inaamka. Amri ya systemctl disable huizuia isijiwashe tena, lakini haiisimamishi ile inayoendelea kufanya kazi. Hapo ndipo watu wanapoumia. Umezuia huduma ambayo mfumo wa malipo unaitegemea, na leo kila kitu kinakwenda sawa. Wiki kadhaa baadaye umeme unakatika usiku, unarudi, na asubuhi karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hawezi kutoa risiti hata moja huku wakulima wamepanga foleni na pamba yao. Nani atakumbuka kilichoguswa mwezi uliopita?

Kwa hiyo simamisha kwanza, moja baada ya nyingine, na uache ofisi ipitie kazi zake zote, hata ripoti ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyelalamika? Zuia, kisha iwashe seva upya ukiwa umekaa mbele yake. Andika jina la huduma, tarehe na amri ya kuirudisha. Na wewe unayeihudumia seva ya Bariadi ukiwa Mwanza, usiiguse SSH, huduma unayoingilia kutoka mbali, la sivyo utalazimika kupanda basi la kupitia Lamadi ukairudishe kwa mkono.

Halmashauri na vyama vya ushirika viweke sharti kwenye mkataba: orodha ya kila huduma inayojiwasha, kazi yake na anayeitumia. Isiyo na mwenyewe izimwe kabla ya malipo ya mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za mgonjwa au mkulima haziwezi kulindwa na mtu asiyejua seva yake inaendesha nini.

Seva zilizokwisha kupokelewa zikaguliwe sasa, kabla msimu wa ununuzi wa pamba haujafunguliwa.